Usiahidi Siri Kabla ya Kuisikia: Niliyoyapitia Nikisimamia Hosteli ya Wasichana Mombasa

Niliingia kazi hii nikiwa mwaka wa pili chuoni, na nikaiacha nilipokuwa najiandaa kwa mitihani ya mwisho. Hosteli yenyewe ni ya mtu binafsi, iko hapa kisiwani, ghorofa nne, na wakaazi wote ni wasichana wa vyuo mbalimbali. Matroni alikuwa akishinda pale mchana, jioni anavuka feri kurudi kwake Likoni. Akatakikana mwanafunzi mmoja miongoni mwetu wa kuangalia mambo ya usiku, naye apunguziwe nusu ya kodi. Kwa mtu anayesoma kwa mkopo wa HELB, nusu ya kodi si jambo dogo. Nilikubali siku ileile.

Nilichoelezwa ni kwamba lango hufungwa saa nne usiku, wageni wa kiume mwisho wao ni sebuleni, anayelala nje aandike kitabuni, na tokeni za stima zikikaribia kuisha nimpigie mwenye nyumba. Nikapewa shada la funguo na daftari. Hayo yote yalikuwa kweli, na ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu akiumwa usiku utagongwa mlango wangu, aliyeachwa na mchumba atalia kitandani kwangu, na asiye na chakula atakuja kuomba chumvi huku kinachomleta si chumvi. Naandika haya kwa ajili ya yule anayekaribia kupewa shada kama lile.

Anza na wageni. Septemba wanapoingia wanafunzi wapya, wengi wao wanatoka bara na hawajawahi kuiona bahari. Wanashuka treni Miritini wakiwa na mablanketi mazito na sweta, joto linawapokea, na usiku wa kwanza hawalali. Hawana neti. Wanafua nguo kwa maji ya kisima na kushangaa sabuni haitoi povu. Kwa macho ya mwenyeji hayo ni madogo, ila msichana wa miaka kumi na minane aliye peke yake, kilomita mia kadhaa kutoka kwao, anaweza kuyachukua kuwa dalili kwamba amekosea kuja. Nilijizoeza kupita kila chumba wiki ya kwanza, niketi, tuongee habari za kwao. Nilikuwa nawaambia mapema wapi pa kununua neti, maji yapi ni ya kunywa na yapi ni ya kufulia, matatu ipi inapita wapi na nauli yake isizidi ngapi.

Katika mazungumzo hayo ndimo nilimoulizia mambo matatu: nambari ya mtu wa nyumbani, kama ana ugonjwa wowote, na kama amejisajili SHA, bima ya afya ya serikali. Hosteli ilikuwa na fomu ya kuuliza hayo, ikizungushwa mbele ya watu wote siku ya kuingia, na kwenye sehemu ya ugonjwa kila mtu aliandika "hakuna". Nani ataandika ana kifafa mbele ya watu asiowajua? Uliza ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa, na umwambie kwa nini unataka kujua.

Umuhimu wake niliuona kwa msichana mmoja wa ghorofa ya tatu. Alinieleza ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na akaniomba nisimwambie mwenye nyumba, maana hosteli aliyokaa kabla ya hapo walianza kumwogopa kama mzigo. Ugonjwa huu kwetu Pwani si mgeni, tena umo katika familia nyingi. Alinifundisha mwenyewe: maji mengi kila siku, asijichoshe, asipigwe na baridi ya mvua, na homa kwake si ya kungoja asubuhi. Usiku mmoja wa masika, mwenzake wa chumba akaja kunigonga yapata saa nane. Nilimkuta amejikunja sakafuni kwa sababu godoro lilikuwa linamzidishia maumivu, ameuma pindo la leso, miguu yote miwili haiguswi. Hakulia. Alikuwa akihesabu pumzi zake kwa sauti ndogo.

Kwa kuwa nilishajua, hatukupoteza muda kuulizana ni nini. Mwenzake akachukua kitambulisho, kadi ya kliniki na chupa ya maji. Askari wa langoni akampigia dereva wa tuktuk anayemjua, nami nikampigia mamake nikiwa njiani kwenda hospitali ya Coast General. Nambari ya dereva wa usiku ni kitu cha kutafuta wiki yako ya kwanza, si usiku wa shida, na uwe na wawili, kwa maana mmoja atakuwa amezima simu. Weka na akiba ya pesa kwenye M-Pesa yako isiyoguswa. Nauli ya usiku, dawa ambayo haipo dirishani, maji, muda wa maongezi, vyote hivyo vilitoka mfukoni mwangu, na kurudishiwa kulikuwa kwa bahati. Mwishowe nilimwendea matroni, tukakubaliana kuwe na bahasha ya dharura, kila kinachotolewa kiandikwe na kutiwa sahihi. Iombe bahasha hiyo kabla hujaanza kazi.

Maji ndiyo yaliyotugombanisha kuliko kitu kingine chochote. Mombasa haina maji yake ya kutosha. Ya mferejini yanasafirishwa kutoka mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere kule Kwale, na mtaani kwetu yalikuja kwa zamu. Yakikatika, tunabaki na kisima cha chumvi na wauzaji wa mkokoteni wenye mitungi ya lita ishirini. Pampu ikiharibika, hata hicho kisima hakipandi juu. Hapo ngazi zinajaa ndoo, wa ghorofa ya nne wanawalaumu wa chini, wa chini wanasema wa juu wanaoga mara tatu. Wakati mmoja nilikuta wawili wameshika ndoo moja, kila mmoja anaivuta upande wake, maji yanamwagika na hakuna anayeachilia.

Kuwapigia kelele hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni ratiba iliyoandikwa na wao wenyewe. Tuliketi ngazini, kila ghorofa ikatoa mtu mmoja, tukakubaliana ndoo mbili kwa kila kichwa siku ya ukame, wenye mitihani asubuhi watangulie, na mgonjwa asipange foleni. Karatasi ikabandikwa kando ya tangi. Baada ya hapo ugomvi haukuisha kabisa, ila mtu akivunja zamu wenzake ndio walimuuliza, si mimi. Jambo ambalo watu wameliamua wenyewe wanalilinda. Kanuni za mwenye nyumba hakuna aliyezilinda hivyo.

Ramadhani nayo ilitaka busara ya namna hiyohiyo. Karibu nusu ya wakaazi walikuwa Waislamu, na daku inapikwa saa kumi alfajiri au kabla. Sufuria zinagongana, maji yanamwagwa, mtu anaita mwenzake aamke. Anayesikia ni msichana aliyelala saa nane akisomea mtihani. Mwaka wa kwanza wa kazi yangu lilipozuka hilo, maneno yalianza kuchukua sura ya dini, na hapo niliogopa kwelikweli, kwa sababu mji huu umeishi na watu wa kila dini nyumba moja kwa vizazi na sikutaka sisi tuwe wa kuuvuruga. Nilimwendea msichana mmoja mtu mzima kidogo, mwanafunzi ambaye wenzake wanamheshimu, nikamwomba yeye alizungumze na wanaofunga. Akapendekeza wanaofunga wa ghorofa za juu wahamie kwa mwezi huo vyumba vya chini karibu na jiko, wabadilishane na wenzao wasiofunga. Wengi walikubali. Futari ikawa inatandikwa kwenye mkeka ukumbini, na hata wasiofunga walishuka kwa ajili ya kaimati na viazi vya nazi. Mwaka uliofuata hawakunisubiri, walipanga wenyewe Shaabani haijaisha.

Muguka na miraa vilikuwepo, ingawa kwa wasichana vilifichwa zaidi. Mei 2024 kaunti ilipopiga marufuku muguka na mambo yakafika mahakamani, bwenini hakuna kilichobadilika isipokuwa bei. Sikuwa mpelelezi. Nilishughulika na mtu asiyelala, asiyekula na asiyekwenda darasani. Aliyekuwa anatafuna kwa siri huku mambo yake yanakwenda, nilimwachia nafsi yake.

Jambo ambalo sikulegeza ni moto. Kupika vyumbani kulikatazwa, lakini jiko la pamoja lilikuwa na plagi mbili, na watu wana njaa. Basi chini ya vitanda kulikuwa na majiko madogo ya umeme na zile koili za kutumbukiza ndooni kuchemsha maji, zote kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi. Jioni moja nikasikia harufu ya plastiki, nikafuata hadi chumba ambacho mwenyewe alikuwa ametoka kuoga na kusahau. Ndoo ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, waya umeshakuwa mweusi, na pazia lilikuwa umbali wa kiganja. Dirisha la chumba hicho lilikuwa na vyuma visivyofunguka.

Septemba 2024 moto wa bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri uliua watoto 21. Kabla yao, mwaka wa 2001, Kyanguli kule Machakos walikufa wavulana 67. Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu wa mwaka wa 2008 unasema madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Hosteli zetu za mitaani si shule za bweni, lakini moto hauulizi. Niliandika barua kwa mwenye nyumba, nikaweka na picha ya ndoo ile. Akajibu kwamba vyuma ni vya kuzuia wezi. Nikaandika tena, safari hii tukatia sahihi wakaazi wote, na mzazi mmoja akampigia simu. Dirisha moja kila ghorofa likawekewa vyuma vya bawaba na kufuli, ufunguo ukining'inia msumarini mahali kila mtu anapafahamu. Tukapata na mitungi miwili ya kuzimia moto na plagi zaidi jikoni. Plagi za jikoni ndizo zilizopunguza koili vyumbani, kuliko msako wowote. Ukiambiwa upekue vyumba, kwanza uliza watu wapikie wapi.

Sasa nifike kwenye lile nililoliweka juu ya haya maandishi.

Alikuwepo msichana wa mwaka wa tatu, mchangamfu, ambaye pole pole aliacha kushuka ukumbini. Karo ilikuwa imekwama, nyumbani kuna mambo, chuoni alikuwa amekosa mtihani mmoja na haambii mtu. Usiku mmoja akaja chumbani kwangu akasema, "Dada, nataka nikwambie kitu, lakini kwanza niapie hutamwambia mtu yeyote."

Aliyenitangulia kazini aliwahi kuniusia nisikubali neno hilo kabla sijasikia kinachofuata. Nikamwambia, "Sitakutangaza, na hakuna mtu wa hosteli hii atakayesikia kutoka kwangu. Ila nikiona maisha yako yako hatarini, nitatafuta mtu wa kutusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua kabla sijapiga simu." Akanyamaza muda mrefu. Nilidhani ataondoka. Kisha akaniambia kwamba alikuwa anafikiria kujiua.

Nilimuuliza wazi kama amepanga lini na vipi. Watu wengi wanaogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo kichwani, ilhali kuuliza ndiko kunakompa mtu ruhusa ya kusema. Sikumpa mawaidha ya dini wala kumwambia wako wenye shida kumzidi. Nilikaa naye. Tukapiga pamoja 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, simu ikiwa kwenye spika katikati yetu, na mshauri akaongea naye. Usiku ule hatukumwacha peke yake. Kulipokucha nikamwambia namwita matroni na mamake, nikawaita yeye akiwa ameketi hapo. Alinisihi nisiwaite. Akaniita msaliti, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka nikitafuta nambari.

Kitu kimoja kilichomfanya afiche muda mrefu ni hofu ya polisi. Alikuwa amesikia kwamba anayejaribu kujiua hushtakiwa, na kweli kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya hilo kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Waambie watu unaowasimamia. Wengi hawajui, na woga huo unafunga midomo.

Mamake alifika kwa basi kutoka Taita siku ileile, akampeleka hospitalini, kisha nyumbani. Yu hai, amerudi chuo. Hakurudi hosteli kwetu, na hajanisemesha tena. Tulikutana Mwembe Tayari, akageuza uso. Iliniuma na bado inaniuma, lakini simu ile ningeipiga tena leo. Ukichukua kazi hii, jiandae kwamba mtu uliyemsaidia anaweza asikusamehe, na usiifanye shukrani yake kuwa mshahara wako.

Kwa aliyebakwa au kushambuliwa, muda ni kila kitu, kwa hivyo nasema kwa ufupi. Asioge, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, aende hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Coast General kuna kituo cha kuhudumia walionusurika ukatili wa kijinsia. Laini ya bure ni 1195. Fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu madhara aliyopata, na polisi wenyewe vitafuata, na uamuzi wa kushtaki ni wake yeye, si wako wala wa mwenye nyumba. Wewe umsindikize, na usimuulize alikuwa anafanya nini huko.

Njaa ni ugonjwa mwingine unaofichwa. Mkopo ukichelewa, utaona watu wanakunywa chai ya rangi mchana kutwa wakisema hawana hamu ya kula. Usikopeshe pesa ukiwa msimamizi. Deni linaharibu heshima ya pande zote mbili, na ukimpa mmoja utakuwa na foleni. Sisi tulianzisha sufuria ya Alhamisi. Mwenye mchele analeta mchele, mwenye maharagwe maharagwe, asiye na kitu anakuna nazi au kuosha vyombo. Hakuna aliyejua nani kaleta nini, maana vitu viliachwa jikoni asubuhi watu wakiwa darasani.

Sasa gharama. Alama zangu zilishuka muhula wa pili wa kazi, kwa sababu usiku wa kusoma uligeuka kuwa usiku wa kusikiliza. Nilianza kushtuka kila nikisikia hatua kwenye ngazi. Rafiki yangu wa karibu kabisa aliruka saa za lango mara kadhaa, nikamwandika kitabuni kama wengine, na urafiki wetu haukuwa tena ule. Naye hakuwa mtu mbaya, alitaka tu nimtazame kwa jicho la rafiki, nami jicho hilo nilikuwa nimelifungia kazini. Kilichoniokoa ni kumwomba matroni usiku mbili za wiki awepo mwenzangu wa kushika simu, nami nikazime yangu. Alikubali mara moja. Alishangaa kwa nini aliyenitangulia hakuwahi kuomba.

Kwa hivyo kabla ya kushika funguo, omba karatasi. Kodi inapunguzwa kiasi gani, na hadi mwezi gani, likizo ikiwemo. Nani unampigia saa nane usiku, na asiposhika, nani mwingine. Usiku gani ni zako. Wiki za mitihani nani anakushikia. Bahasha ya dharura ina shilingi ngapi na inajazwa na nani. Mwenye nyumba anaweza kukuambia mambo hayo ni ya kuaminiana, na pengine ni mtu mwema kabisa, lakini wema huo utamsahaulisha kodi ilikuwa ipunguzwe vipi ikifika Desemba. Na ukiondoka, omba barua ya kazi inayotaja uliyoyafanya moja baada ya jingine, ile ya maji, ya madirisha, ya wagonjwa, isiyoishia kusema "alikuwa na nidhamu". Iombe ukiwa bado na funguo mkononi, maana ukishazirudisha utaambiwa urudi wiki ijayo.